Ukurasa wa Kumi na Nne

Kabla ya kugusa kitabu alinawa mikono mara mbili, akaikausha kwa karatasi, kisha akakaa dakika nzima ameinyanyua mbele yake kama daktari anayesubiri mgonjwa apate usingizi. Wageni waliotembezwa pale walishangaa kuona havai glavu. Glavu hazihisi, angewaambia, kama angekuwa mtu wa kuongea na wageni. Kidole kitupu ndicho kinachoitambua karatasi iliyowahi kulowa ikakauka, au pini iliyong'olewa ikarudishwa.

Kazi yake ilikuwa kupanga madaraja ya vitabu vya katuni. Wenyewe walivituma vikiwa ndani ya mifuko ya plastiki, kila kimoja kimeegemezwa kadibodi, navyo vilipita kwa wakaguzi watatu, kila mkaguzi na chumba chake. Mkaguzi alihesabu kurasa, akatazama mgongo, pembe, pini na rangi, akaandika alama kati ya sifuri na kumi kwenye kikaratasi, akakifunika. Wakaguzi hawakuruhusiwa kuulizana, jicho la mmoja lisije likampoteza mwingine. Hawakuambiwa kitabu ni cha nani. Wala hawakutakiwa kusoma, maana anayesoma husahau kukagua. Yeye alikuwa mkaguzi wa tatu, wa mwisho, na chumba kile alikuwa amekikalia miaka kumi na tisa. Baada yake kitabu kilikwenda kwa fundi, kikafungwa ndani ya kasha gumu la plastiki, na toka hapo hakuna ambaye angekifunua tena bila kulivunja kasha.

Fundi huyo alikuwa na maneno mengi. Kila asubuhi alichungulia mlangoni.

"Habari za makaburini?"

"Nzuri."

"Hilo ndilo neno la kwanza leo. Nikuletee maji, dada, usije ukakaukwa koo kwa kuongea?"

Alitabasamu, lakini tabasamu lake lilikuwa na kawaida ya kufika fundi akiwa ameshaondoka.

Nyumbani alikuwa na vikombe viwili. Kimoja kilikuwa kimefifia maua kwa kuoshwa. Cha pili bado kilikuwa na kibandiko cha dukani kwenye kitako. Jumapili aliwasha redio chumbani, akarudisha mlango, akaenda kukaa sebuleni, apate kusikia watu wakizungumza chumba cha pili.

Ndugu alikuwa naye mmoja tu, kaka aliyemzidi miaka saba. Hawakugombana. Afadhali wangegombana, kwa sababu waliogombana wana mahali pa kuanzia. Baada ya kumzika mama yao waliagana getini, kila mmoja akasema "tutaongea," na miaka sita ikapita. Mara mbili alikuwa amebonyeza namba ya kaka yake akakata kabla haijaita, kwa kuwa hakuwa na sentensi ya kwanza. Unampigiaje mtu baada ya miaka sita ili umwambie hujambo?

Jumanne moja, kitabu cha nne tangu asubuhi kilikuwa kimechapishwa zamani, karatasi zake zimeanza kugeuka rangi ya chai. Jaladani palikuwa na tarishi mwenye mguu mmoja, mkoba begani, anapanda mnara kupeleka barua. Alikitambua mara moja.

Kaka yake alikuwa nacho. Vitabu vyake vyote vilikaa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, vimepangwa kwa namba, na yeye alikuwa amekatazwa hata kulisogelea, kwa sababu alikuwa na tabia ya kulamba kidole kila anapofunua ukurasa. "Vidole!" kaka alikuwa akimwita, jina likamganda nyumba nzima. Siku moja, akiwa na miaka minane, kaka ameenda shule, alilivuta sanduku akasoma habari za tarishi amelala kifudifudi sakafuni. Ukurasa wa kumi na nne tarishi alikuwa ananing'inia dirishani kwa mkono mmoja. Akalamba kidole kwa pupa, akavuta, ukurasa ukachanika kutoka juu hadi katikati.

Hakulia. Alikwenda jikoni akachota kijiko cha uji kabla haujatiwa sukari, maana alijua sukari huita sisimizi. Alipaka kwa unyoya wa kuku, akaunganisha nyuzi za karatasi moja moja, akakandamiza kwa pasi ambayo haikuwashwa. Kazi ilimchukua asubuhi nzima. Kisha akakirudisha kitabu, na hakukigusa tena, wala hakujua yaliyompata tarishi. Kaka hakuwahi kusema kitu.

Vitabu kama hicho vilichapwa maelfu, alijiambia. Akaanza kuhesabu kurasa kama kazi inavyotaka. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Akapitisha kidole kwenye ukurasa wa kumi na nne na kidole kikajua kabla yake: njia nyembamba, ngumu kidogo, iliyoshuka ikipinda kushoto. Alizima taa, akawasha ile ya zambarau, inayofichua gundi. Njia ikang'aa kwa mbali, nyeupe kama maziwa.

Akafunua vikaratasi vya wenzake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nane. Nane na nusu. Hakuna aliyeuona. Wakaguzi wazima wawili, na lenzi zao, walikuwa wamepitwa na mtoto wa miaka minane.

Alikaa. Angeandika nane, kitabu kingeondoka kikiwa na heshima ambayo si yake, na kaka, kama bado kilikuwa chake, asingejua lolote. Angeandika kweli, lebo ingemtangazia kaka kilichofanyika nyuma ya mgongo wake miaka thelathini na minne iliyopita, na hata ile "tutaongea" ya getini huenda ingekufa. Alikuwa amebakiwa na mtu mmoja, naye alimshikilia kwa uzi.

Hakuweza kuandika nane. Mikono ilikataa. Akakichukua kitabu, akatoka nacho.

Mkuu wa wakaguzi, mwanamke aliyewaita wafanyakazi wote "mwanangu" hata waliomzidi umri, alimsikiliza bila kuinua kichwa.

"Ukurasa wa kumi na nne umeunganishwa," alimwambia. "Kwa uji."

"Uji? Mwanangu, umejuaje ni uji?"

"Niliupaka mimi."

Mkuu akainua kichwa. Akavuta droo, akatoa fomu iliyokuja na kitabu, ile ambayo wakaguzi hawaonyeshwi.

"Basi kitabu hiki si chako tena kukikagua, nitakimalizia mimi. Kwa hiyo naweza kukuonyesha hii."

Kwenye nafasi ya maelezo ya mwenye mali, kwa mwandiko alioujua, herufi zimelala kulia, palikuwa pameandikwa: *Ukurasa wa 14 ulichanwa na mdogo wangu, akaubandika kwa uji. Naomba msiubandue.*

Aliisoma mara tatu.

"Anajua unafanya kazi hapa?" mkuu aliuliza.

"Hajui. Hakuwahi kuuliza nafanya kazi gani."

"Haya. Tarishi wako namwacha mezani hapa mpaka saa nane, ndipo aende kwa fundi akafungwe. Mimi naenda kula. Ukitaka kusoma, soma. Sijaona."

Akabaki peke yake na kitabu. Ukurasa wa kumi na nne ulikuwa wazi, na tarishi alikuwa bado ananing'inia dirishani kwa mkono mmoja. Kuuona mwisho kulihitaji kufunua karatasi tisa tu, na saa nane mlango huo ungefungwa kabisa. Alishika pembe ya ukurasa. Akaiachia.

Akakifunga kitabu, akakirudisha kwenye mfuko wake, akatoka koridoni na simu. Safari hii hakukata. Iliita mpaka akadhani haitapokelewa.

"Haloo? Nani mwenzangu?" Namba aliyopigia ilikuwa mpya kwa kaka, na sauti ya kaka ilikuwa imezeeka.

"Vidole," alisema.

Upande wa pili bomba la maji lilikuwa linatiririka, kisha likafungwa.

"Kaka," alisema haraka, kabla ujasiri haujamwisha, "yule tarishi wa dirishani. Alianguka?"

Alisikia pumzi, halafu miguu ya kiti ikiburutwa sakafuni.

"Ngoja nikae," kaka alisema.