Paa la Keumbu

Jarida la chama cha wasanifu majengo lilikuwa likifika ofisini kwetu mjini Kisii kila baada ya miezi miwili hivi, likiwa ndani ya bahasha ya kaki iliyolowa pembeni. Bosi wangu aliliendea kinyumenyume. Alianza na ukurasa wa mwisho, wa waliofariki, kisha akaenda kwa waliosajiliwa, kisha akatafuta majina ya aliosoma nao ili ajue nani amepewa jengo gani Nairobi. Akimaliza kuguna, alinisukumia.

"Soma, nyathina," aliniambia. Ni neno la kwao, upande wa ziwani, maana yake mwanangu. "Ujue wenzetu wanakula nini."

Mimi sikuwa msanifu. Nilikuwa mchoraji wa ramani za majengo. Nilizaliwa Nyamira kwenye shamba la majani chai, nikamaliza kidato cha nne, nikaenda Nairobi miaka miwili kujifunza kuchora. Niliporudi, mwanzoni mwa miaka ya sabini, bosi wangu ndiye alikuwa msanifu wa pekee niliyemjua katika mji mzima. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa. Yeye alifikiri na kuongea na wateja, mimi nikachora. Siku nyingine alifikiri kidogo tu, akaniachia mengine.

Katika jarida lile nilipenda ukurasa mmoja, wa masomo. Chama kiliwataka wanachama waendelee kujifunza hata baada ya kusajiliwa, kwa hiyo kulikuwa na mihadhara: zege jipya, mwanga hospitalini, sauti kanisani. Yote ilifanyika Nairobi, Jumanne saa kumi na moja na nusu jioni. Nilikuwa nikisoma matangazo hayo kama mtu anayesoma orodha ya vyakula vya karamu ambayo hakualikwa.

"Hii elimu ni ya wanaolala Nairobi," bosi wangu alisema. "Sisi tutasoma kwa makosa."

Alisema kwa mzaha. Haukupita mwaka kabla mzaha haujawa kweli.

Kanisa moja la karibu na Keumbu lilituomba ramani ya wodi ya kujifungulia akina mama. Bosi alichora jengo la pande mbili kwa penseli nyuma ya barua ya zamani, akasema, "Paa utamalizia wewe." Nikamalizia. Nilifunika kila upande kwa paa lake, na pale katikati, mapaa mawili yalipokutana, nikaweka mfereji wa bati wa kupeleka maji nje, vile vile nilivyofundishwa chuoni. Kwenye karatasi ulipendeza sana. Bosi akatazama, akatia sahihi. Wodi ikajengwa, ikafunguliwa kwa nyimbo na ndizi za kuchemsha, na mimi nikapigwa picha mlangoni nikiwa nimevaa viatu vya kuazima.

Ukija kwetu mwezi wa nne, alasiri, utajua mvua ya mawe ni nini. Inaanza kwa baridi. Kisha mabati yanapigwa hadi mtu hasikii anayeongea naye. Mara ngapi nilimwona baba akisimama mlangoni baada ya dhoruba, akitazama majani chai yaliyochanwachanwa! Niliijua mvua hiyo tangu utotoni. Lakini nilipokaa mbele ya meza ya kuchorea haikunijia akilini hata kidogo.

Wiki chache baada ya wodi kufunguliwa, mvua ya mawe ilishuka Keumbu. Mawe yakajaa kwenye ule mfereji wangu yakashikana kama saruji. Maji hayakuwa na pa kupita ila chini. Yaliingia ndani ya wodi juu ya vitanda vitano, na muuguzi akawatoa akina mama mmoja mmoja, mmoja wao akiwa amejifungua asubuhi ile ile. Wakalala usiku ule kwenye viti vya kanisa. Mungu alisaidia, hakuna aliyeumia.

Tulifika kesho yake. Muuguzi hakutugombeza. Alituonyesha tu magodoro yaliyoanikwa kwenye ua, akarudi kazini kwake. Hilo liliniuma kuliko matusi.

Fundi mkuu aliyejenga wodi alikuwa juu ya paa, anakwangua barafu iliyobaki kwa jembe. Alikuwa mtu wa makamo, Msabato, mpole, mikono yake imejaa makovu ya mabati. Alipoteremka nikamwamkia, nikamuuliza kama mfereji ulikuwa mdogo.

"Si mdogo," alisema kwa Kiswahili chake cha kwetu. "Hata ungeweka mkubwa, mawe ingejaa tu. Mimi niliona hiyo kitu siku ya kwanza."

"Uliona? Mbona hukuniambia, mzee?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Madamu, ile karatasi ilikuja na muhuri. Watu wamesoma ndio waliandika. Sasa mimi niulize karatasi?"

Tulirudi mjini. Usiku sikulala vizuri, na asubuhi nilianza kuandika barua kwa mhariri wa jarida. Sikujua kama mchoraji ana ruhusa ya kuandika humo. Nilieleza mfereji wangu, mawe, vitanda vitano, na maneno ya fundi. Mwisho niliuliza maswali mawili. Je, kuna wanachama wengine wanaojenga penye mvua ya mawe, na wao hufanyaje? Na je, wale wanaojenga tunayoyachora, sisi tunawauliza lini?

Nilimpa bosi aisome kwanza, kwa kuwa jina la ofisi lilikuwa lake. Aliisoma akiwa amesimama, akaketi, akaisoma tena.

"Unataka nchi nzima ijue paa langu limevuja?"

"Ni paa langu, bwana."

"Sahihi ni ya nani?"

Aliitia barua kwenye droo akaifunga. Siku zikapita, wiki ya kwanza, ya pili. Nilichora ofisi za ushirika wa kahawa, nikachora choo cha shule huko Nyamache, na kila nilipopita karibu na ile droo nilihisi joto usoni. Nilianza kufikiri niache kazi nikafundishe.

Kisha asubuhi moja nikakuta barua mezani kwangu, imepigwa taipu upya. Maneno yangu yote yalikuwemo. Chini yake bosi alikuwa ameongeza mistari yake: kwamba mchoro ulipitia mikononi mwake, kwamba hakuutazama kama ilivyompasa, na kwamba yeye pia angependa kufundishwa.

"Ipeleke posta kabla sijabadili mawazo," alisema, macho dirishani. Nilishuka ngazi mbiombio.

Ilichapishwa. Toleo lililofuata lilikuwa na majibu manne. Msanifu mmoja wa nyanda za juu upande wa Kericho aliandika kwamba shule yake imevuja miaka mitatu naye alikuwa akimlaumu fundi. Mwingine alituma mchoro mdogo. Halafu ikaja barua kutoka kwa katibu wa chama: kamati ilikuwa imeamua kujaribu kuleta somo moja nje ya Nairobi, nalo lingefanyika Kisii, siku ya Jumamosi.

Bosi alipiga makofi. Mimi nilishika kichwa.

"Jumamosi? Bwana, mafundi wetu nusu ni Wasabato. Mimi mwenyewe ni Msabato. Yule mzee wa Keumbu hatashika hata msumari siku hiyo!"

Ilibidi niende posta nikapige simu Nairobi. Katibu alikuwa na adabu lakini hakuelewa. Aliniambia wanachama hawajawahi kukutana Jumapili. Nikamwambia, kwa Kiingereza kilichotetemeka, kwamba akija Jumamosi atakuta wasanifu peke yao, na wao si wanaojua mvua ya hapa. Nikasikia simu inakwaruza. "Jumapili basi," akasema, "lakini baada ya misa, maana mimi ni Mkatoliki."

Tukapata ukumbi wa shule kule kilimani Nyanchwa. Walikuja wasanifu kumi na mmoja, magari yao mekundu kwa matope hadi madirishani: Waafrika wanne, Wahindi watano, Wazungu wawili. Nyuma ukumbini walikaa mafundi kama ishirini wakiwa na suti zao za ibada, kofia magotini. Muuguzi naye alikuja. Mwenyekiti wa kikao, mzee mnene mwenye tai ya kipepeo, alinikaribisha mbele nitoe maelezo.

Nilikuwa nimeandika hotuba yangu kwa Kiingereza na kuikariri. Nilipogeuka nikaona mafundi wamekaa wima kama watu wanaosubiri kupigwa picha, tayari kutoelewa chochote kwa heshima. Nikaiweka karatasi chini.

"Naomba nizungumze Kiswahili," nilisema.

Wasanifu wakatazamana. Mzungu mmoja mzee akasema, "Zungumza, tutafika tu," na watu wakacheka.

Nilichora wodi ubaoni, nikachora mfereji, nikasema nilivyokosea. Msanifu kijana wa Nairobi akanyoosha mkono. Alisema jibu ni rahisi: upanue mfereji, uongeze mteremko. Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Nilimtazama fundi wa Keumbu. Alitazama viatu vyake.

"Mzee," nikamwita, "huyu bwana anasema tupanue. Wewe unasemaje?"

Alitoka nje, akarudi na kipande cha bati alichokuwa amekikunja kama mfereji, mpana na wenye mteremko mzuri, pamoja na mfuko wa mahindi makavu na birika la maji. Kumbe alikuwa amejiandaa. Aliliweka bati juu ya meza mbele ya mwenyekiti, akamwaga mahindi ndani yake.

"Hii ndio mawe," alisema. "Na hii ndio mvua inakuja nyuma yake."

Akamimina maji. Yalikwenda kidogo, yakakwama, yakapanda, yakamwagika pande zote mbili, mengi kati yake juu ya viatu vya mwenyekiti. Mwenyekiti hakuondoa miguu. Aliinama akatazama chini ya bati kama mtoto.

"Kwa hiyo ungefanya nini, fundi?" aliuliza.

"Mimi siwezi kuweka mfereji katikati ya nyumba. Ningeweka paa moja tu, ianguke huku na huku. Mawe yaanguke chini, huko nje. Yakae hapo mpaka yachoke."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, kisha kwa maneno. Wasanifu waliacha viti wakasogea mezani, mafundi wakasogea pia, na kwa saa nzima sikuona nani amesoma na nani hakusoma. Yule kijana wa Nairobi alivua koti akamimina mahindi mwenyewe, mara tatu. Muuguzi alisema jambo ambalo hakuna aliyelifikiria: kwamba hata paa likibadilishwa, mlango wa wodi unatazama upepo, na mama anayefika akiwa na uchungu analoweshwa kabla hajapokewa. Likaandikwa ubaoni. Kabla ya giza tulikwenda Keumbu kwa magari yote, tukapanda ngazi kwa zamu.

Kiangazi kilipofika paa liliezuliwa. Kanisa lilitoa mbao za kenchi, wasanifu wawili walituma mabati, na bosi wangu na mimi tulichora upya, safari hii fundi akiwa amekaa kando ya meza yetu juu ya lile duka la vitambaa, akinywa chai na kuashiria kwa kidole. Mwezi wa nne uliofuata mvua ya mawe ilishuka tena. Muuguzi alituma mtu na ujumbe mfupi: "Tumelala."

Jarida liliripoti somo la Kisii kwa mistari sita. Fundi aliitwa "mjenzi wa kienyeji" na mimi "msaidizi". Nilikasirika jioni moja. Lakini ukurasa wa pili ulikuwa na tangazo kwamba masomo yatazunguka mikoani, na kwamba wachoraji nao wanaruhusiwa kuhudhuria, na wenye uzoefu wa kutosha wanaweza kujisajili kwa mitihani ya chama. Bosi alikuwa amelizungushia wino mwekundu.

Nilisoma kwa posta, miaka mingi kuliko nilivyotarajia. Sehemu ya kwanza nilipita. Ya pili nilianguka, nikaanguka tena, na baba akaniuliza kwa upole kama hii shule ina mwisho. Nikamwambia nadhani haina. Akafikiri kidogo. "Basi ni kama majani chai," alisema, "unachuma, yanaota." Mara ya tatu nikapita.

Jengo la kwanza nililolitia sahihi yangu mwenyewe lilikuwa shule ya msingi upande wa Nyamira. Siku ya kuchimba msingi niliitandaza ramani juu ya rundo la mawe, nikawasomea mafundi na wazazi waliokuja kusaidia, kwa Ekegusii, chumba baada ya chumba. Kisha nikauliza ni wapi nimekosea. Watu walitazamana, wengine wakatabasamu kwa aibu. Nikangoja. Mwishowe mama mmoja aliyekuwa amebeba kokoto akatua karai lake, akajifuta mikono kwenye leso, akasogea karibu, akaweka kidole kwenye darasa la tatu.

"Hapa," alisema. "Hapa jua la asubuhi litawapiga watoto machoni."

Nikatoa penseli.