Nahodha wa Nchi Kavu

Mji wa Dunmore, jimbo la Nebraska, uko mbali na bahari kiasi kwamba kunguru akiruka upande wowote atazeeka kabla hajaiona. Humo ndimo alimoishi Nahodha Silas Harrowgate, aliyeandika vitabu kumi na moja vya dhoruba na merikebu, vikasomwa Amerika nzima. Nahodha huyo alikuwa mwanamke. Jina lake Orpha Tolliver, opereta wa simu, na maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona ni ya bwawa la kunyweshea ng'ombe.

Mchana kutwa alikaa mbele ya swichibodi, ubao wa kuunganishia simu, katika chumba kilicho juu ya duka la dawa. Mtu akitaka kupiga simu, kifuniko kidogo cha shaba chenye namba yake kilianguka, tak, naye Orpha alichomeka waya na kuuliza anatakiwa nani. Kati ya simu na simu aliandika. Mwaka 1920 alipeleka hadithi yake ya kwanza New York, na kwa kuwa gazeti lile lilijisifu kwamba waandishi wake ni watu waliotenda wanayoyaandika, akaweka jina la mwanamume, cheo cha unahodha, na anwani ya sanduku lake la posta la Dunmore. Hadithi ikapendwa, wakaomba nyingine. Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Ya Orpha ilikuwa ndefu, miaka kumi na minne, na kila hatua aliipiga kwa hofu. Barua ikija, alifunga mlango kabla ya kuifungua. Mgeni akishuka kwenye treni, aliuliza mara tatu ni nani.

Mchapishaji alipotaka picha ya nahodha, Orpha alimwendea Emil Vosika, Mcheki mjane aliyesimamia ghala la nafaka ng'ambo ya barabara. Emil alikuwa na ndevu za kuheshimika, na macho aliyazoea kuyafinya kwa sababu ya vumbi la ngano, ungedhani anatazama upeo wa bahari.

"Mimi bahari siijui, Orpha," alimwambia. "Nikioga tu, namwita padri."

"Picha haiogelei, Emil. We kaa kimya tu."

Akakaa kimya, akapigwa picha, na tangu siku hiyo ni yeye peke yake aliyeijua siri.

Mwaka wa 1934, mwezi wa tano, ikaja barua kwa nahodha. Aliyeiandika ni Asa Crowell, mzee wa Massachusetts aliyeongoza merikebu miaka thelathini. Alisema amesoma vitabu vyote, na kuna jambo moja linamkosesha raha. Alikuwa akisafiri kwenda kwa bintiye Denver, basi Jumatano angeshuka Dunmore kumwuliza nahodha mwenzake ana kwa ana. Hakutaja jambo lenyewe.

Orpha hakula siku mbili. Aliwaza mzee akigundua ataandika New York, gazeti litamtangaza kuwa tapeli, na hakuna atakayechapisha tena neno lake. Bila maandishi, nani angekuwa yeye? Waya tu wa kuunganisha maneno ya wengine. Akamfundisha Emil majina ya matanga mpaka Emil akalalamika kwamba hata farasi hufunguliwa lijamu jioni. Mwisho wakakubaliana kwamba Emil auondoe mkonga wa simu ya ghalani na kuulaza nyuma ya magunia, ili Orpha asikilize toka kwenye swichibodi.

Hofu humfanya mtu asahau hata ufundi wake. Waya wa ghalani ulikuwa mmoja na wa mashamba manane, aliyeinua simu aliwasikia wote, na huko Dunmore kusikiliza simu ya jirani hakukuwa kosa, ndiyo ilikuwa redio yao. Orpha, aliyejua hilo kuliko mtu yeyote, alilikumbuka Jumatano saa nane mchana, Crowell akiwa ameshakaa ghalani mbele ya Emil. Kwenye sikio lake ulisikika mlio mdogo, kach. Halafu mwingine. Halafu saa ya ukutani ya Bi Lottie Hargis wa shamba mojawapo, aliyoijua kwa mlio wake wa kukwamakwama. Kaya nane zilikuwa zimeinua simu, na yeye hakuwa na namna ya kumwambia Emil aurudishe mkonga.

Emil alianza vizuri. Alijibu machache, akakohoa sana. Kisha mzee Crowell akashusha sauti.

"Kwenye kitabu chako cha tatu, nahodha anafunga kamba toka mlango wa chumba chake mpaka mlingotini, anatembea kafumba macho, akihesabu hatua. Kamba baharini tunafunga, sawa. Lakini macho hatufumbi. Dhoruba ya bahari mtu unaitazama. Wewe umeona wapi mtu akifumba macho?"

Orpha alisikia Emil akikohoa, akikohoa tena.

Kwa sheria ya kampuni, opereta hainuki kwenye swichibodi mchana. Orpha aliinuka. Akashuka ngazi, akavuka barabara, akasimama mlangoni mwa ghala akiwa bado amevaa kisikizio kichwani, waya wake ukining'inia kifuani.

"Mimi ndiye niliyeandika," akasema. "Huyo bwana ni wa kwenye picha tu."

Crowell alimtazama toka kichwani mpaka viatuni. Orpha hakungoja aulizwe, maana angengoja angekimbia. Akamsimulia Januari ya 1888, alipokuwa na miaka saba, theluji ilipokuja laini kama unga na kuziba kope za watu, hata kufumbua macho kukawa hakuna faida. Baba alikwenda zizini kwa kamba, macho kayafumba, akihesabu hatua kwa sauti. Mama alikuwa na mtoto mchanga mikononi, hivyo mwisho wa kamba alipewa Orpha aushike.

"Nilisikia akihesabu mpaka ishirini na sita. Kamba ikavuta, ikavuta, halafu ikalegea. Sikuiachia, Bwana Crowell. Ilikuwa kuukuu, ikakatika. Kwenye kitabu nikaweka kamba nzima."

Mzee akavua kofia, akaiweka magotini.

"Nimezamiwa na merikebu mara mbili, bibi," akasema. "Zote mbili sikuogopa kama nilivyoogopa pale ulipoandika hesabu ya hatua. Nilikuja kumkamata mwongo."

"Umemkamata."

"Sasa sijui nimfanye nini." Akainuka taratibu. "New York sitaandika. Lakini wengine siwezi kuwasemea." Akaonyesha kwa kidole nyuma ya magunia. Jicho la baharini lilikuwa limeuona mkonga muda mrefu.

Emil aliukimbilia, akaurudisha mahali pake. Lakini alikuwa ameshachelewa.

Orpha alivuka barabara peke yake, akapanda ngazi akishika ukuta. Alipofungua mlango aliikuta swichibodi imefumuka. Vifuniko vyote vya shaba vilikuwa vimeanguka, cha waya wa mashamba manane, cha duka, cha kanisa, na vya wote waliomwona akivuka barabara na kisikizio kichwani, mji mzima ukimwita kwa pamoja. Hakujua wanataka kumcheka, kumfukuza, au nini. Akakaa. Akachomeka waya kwenye tundu la Bi Lottie na wenzake wa mashambani.

"Opereta," akasema, akangoja.