Kodiani ya Mzee wa Ladypool Road

Nilikuwa nimekwenda Ladypool Road, hapa Birmingham, kutafuta utepe wa kushonea sketi za wachezaji wetu, nikasikia mwomboko ukitoka nyuma ya pazia la duka la vitambaa. Mwanzoni nilidhani ni simu. Sisi wenyewe tulikuwa tukicheza kwa simu tangu mpiga kodiani wetu aliporudi Kenya kuishi. Tuliiweka juu ya kiti katika ukumbi wa kanisa kule Kingstanding, tukaiunganisha na spika, mimi nikagonga pete yangu ya chuma, ile ya kutia mdundo, na wachezaji wakajitahidi kumfuata mpigaji asiyewaona. Lakini simu haikosei. Huyu nyuma ya pazia alikosea, akaurudia mstari kwa hasira kidogo, kisha akaupata.

Nikamwuliza mwenye duka, bwana wa makamo mwenye kilemba, ni nani anayepiga.

"Ni baba yangu," akajibu kwa Kiingereza, bila kuacha kupima kitambaa. "Akikaa nyumbani peke yake anaudhika, kwa hiyo mimi huja naye huku."

Nikaomba kumsalimia. Nyuma ya pazia, katikati ya majora ya hariri, alikaa mzee mwembamba wa ndevu nyeupe, kodiani kifuani. Aliponiona aliacha kupiga, na jambo la kwanza alilofanya ni kuifunika kodiani kwa kipande cha kitambaa, kama mtu afunikaye sahani mgeni asiyealikwa anapoingia.

"Umetumwa na nani?" Kiswahili chake kilikuwa cha Kenya, cha bara, cha dukani.

"Sijatumwa, Mzee. Nimesikia mwomboko."

"Mwomboko gani? Hiyo ni polka."

"Mzee, mimi ni mzaliwa wa Murang'a. Hiyo si polka."

Alinitazama viatu, akapanda taratibu hadi usoni. Kisha akaniambia, kwa Kikuyu safi kuliko cha watoto wangu, kwamba kama ni wa Murang'a basi nisijisifu, maana mwomboko huo ni wa Nyeri.

Kwa asiyeujua, mwomboko ni ngoma ya wazee wetu, mjukuu wa polka na walsi. Vijana wa zamani waliwaona masetla wa Kizungu wakizicheza ngoma hizo, wakanunua kodiani, wakauchukua muziki ule na kuutilia maneno na magoti yao wenyewe: hatua mbili mbele, kuinama, kugeuka. Mwanamume huvaa koti na kofia, mwanamke gauni refu, na kila mmoja humshika mwenzake kwa adabu. Kundi letu la Birmingham ni la wauguzi, watunza wazee na wastaafu, na wengi wetu tuliujua kwa kuwatazama wazazi wetu. Kupata mtu wa kuupiga kwa vidole hai ilikuwa bahati kubwa mno. Ndiyo maana niliitilia shaka.

Jumamosi, kwenye mazoezi, niliwaeleza wenzangu. Mwenyekiti wetu alivua kofia, akaivaa tena.

"Kalasinga? Apige mwomboko? Huyo ana lake jambo. Atatunasa kwa simu, na kesho tutajiona mtandaoni, jina lake juu yetu."

Shosho, yaani bibi, mama mwenye umri mkubwa kuliko wote kundini, ambaye ndiye aliyetufundisha kuinama bila kuanguka, alikuwa akikunja leso yake. "Mwacheni aje," akasema. "Nataka kukiona hicho kinanda."

Nikamwalika, akaja. Mwanawe alimshusha mlangoni, na mwenyekiti akampokea kwa heshima zote, kisha akamwomba simu yake "ili isitusumbue." Mzee alimpa kisimu kidogo cha vitufe kisicho na kamera. Nikaona aibu.

Alipoanza kupiga, ukumbi ulibadilika. Alituambia baadaye kwamba kwa miaka mingi alipiga polka na walsi pamoja na wazee wa Kiairishi katika klabu moja ya Sparkbrook, hadi wenzake wakaisha na klabu ikafungwa, na katikati ya polka alikuwa akichomeka mwomboko bila mtu kugundua. Siku ile hakuwa na haja ya kuuficha. Watu waliokuwa wakilalamikia magoti walicheza hadi jasho likawatoka. Shosho peke yake hakuinuka. Alikaa karibu na mlango, mkoba mapajani, akaitazama kodiani.

Tulipopumzika kunywa chai, akamwendea mzee.

"Baba, hicho kinanda ulikinunua wapi?"

Mzee alikuwa na kikombe mdomoni. Alikishusha. "Sikukinunua, Mama."

Shosho alingoja. Mzee naye akanywa chai yake, akasema mwanawe amefika, akaondoka. Mwanawe alikuwa hajafika. Nilimwona kupitia dirisha, amesimama peke yake barabarani na mzigo wake mgongoni.

Kila Jumamosi mimi humrudisha Shosho kwao Shard End. Siku ile ndani ya gari alinieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza. Alikuwa na mjomba, mpiga kodiani aliyejulikana Nyeri nzima. Wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipopigana na Mau Mau, ngoma zilikatazwa kijijini kwao, na mjomba alikuja kuchukuliwa na askari. Hakurudi. Nyumba yake ilibomolewa watu walipohamishwa, na kila alichokuwa nacho kilikwenda kusikojulikana.

"Vitu vyetu vya wakati ule havikupotea," Shosho akasema. "Kitu hakipotei hivihivi. Kina mtu aliyekichukua."

"Shosho, kodiani zilikuwa nyingi."

"Zilikuwa nyingi. Na zetu zilikwenda wapi?"

Tangu hapo nami nikaanza kumchunguza yule mzee. Nilirudi dukani nikijifanya nahitaji utepe zaidi. Mzee alikuwa amekwenda gurudwara, hekalu lao, nikazungumza na mwanawe. Nikasifu kodiani, nikauliza ilitoka wapi.

"Mombasa," akajibu upesi. "Baba aliinunua kabla ya kupanda meli kuja huku. Tangu tukiwa wadogo ametusimulia."

Nikatoka na utepe nisiouhitaji. Kwetu alisema hakuinunua. Kwa watoto wake aliinunua. Mtu mwenye hadithi mbili kuhusu kitu kimoja, nilijiambia, anayo ya tatu anayoificha. Nikampigia Shosho simu nikamweleza, na kusema kweli nilisikia raha fulani kumweleza.

Jumamosi iliyofuata Shosho hakungoja chai. Kabla mzee hajafungua hata mikanda, alivuta kiti, akakaa mbele yake.

"Watoto wako wanasema uliinunua Mombasa. Sisi ulituambia hukuinunua. Sasa, Baba, tuambie moja."

Mzee alinitazama mimi. Alijua habari ilikotoka. Kisha akamgeukia Shosho.

"Watoto niliwadanganya. Sikutaka wamfikirie babu yao vibaya. Baba yangu alikuwa na duka Nyeri. Mimi nilikuwa mdogo, nilikuta hii imewekwa kwenye rafu ya juu, imefungwa blanketi. Baba alisema kuna mtu aliiacha. Mtu huyo alimwambia, 'Niwekee, nitarudi.' Hakurudi. Mimi nikajifundisha kuipiga kwa kuwasikiliza watu waliokuja dukani wakiimba kwa sauti ya chini. Tulipohama, baba alitaka kuiacha, nikalia."

"Mtu gani aliyeiacha?"

"Baba hakusema jina."

"Wewe ulimwona?"

"Sikumwona, Mama."

"Kwa hiyo ni baba yako tu aliyesema."

"Ndiyo. Baba alisema."

Shosho akatikisa kichwa polepole. "Na baba yako alikuwa akiuza nini?"

"Sukari. Chumvi. Mablanketi."

"Akimwuzia nani?"

"Kila mtu," akasema. Halafu, kwa sauti ndogo, "Na serikali pia. Askari walikuwa wakichukua bidhaa kwetu."

Mwenyekiti alipumua kwa nguvu. Shosho hakushtuka. Alisema kodiani ya mjomba wake ilikuwa na alama ya kuungua pembeni, mahali ambapo kaa la moto lilidondoka, na kwamba yeye mwenyewe alizoea kuigusa kwa kidole alipokuwa mtoto. Akaomba aipapase. Mzee akamwekea mapajani. Vidole vya Shosho vilipita kila pembe, vikarudi, vikapita tena. Pande zote zilikuwa laini.

"Mbao zilikuwa zimechakaa," mzee akasema. "Zamani, hapa hapa Birmingham, nilimpa fundi akazivalisha upya. Chini ya hiki kifuniko sijui kuna nini. Nilikuwa sijui kama mtu atakuja kuniuliza."

Sikujua, na hadi leo sijui, kama huo ulikuwa ukweli mtupu au ukweli uliovalishwa upya.

"Kama ni ya kwenu, ichukue," akamwambia. Mikono yake ilikuwa imebaki hewani, haijui pa kwenda.

Shosho aliikumbatia. Mfuko wa hewa ukafunguka kidogo wenyewe, ukatoa sauti kama ya mtu aliyeamshwa. Nilifikiri ataondoka nayo, na nilikuwa tayari kumbebea hadi garini.

"Mimi sijui kupiga," akasema mwishowe. "Nyumbani kwangu kitakuwa pambo. Lakini kwako pia hakirudi. Kitakaa hapa kabatini, na ufunguo nitauweka mimi. Ukitaka kupiga utakuja hapa, nitakufungulia."

Mwenyekiti akaanza kusema kwamba kabati ni la kanisa. Shosho akamtazama, naye akaacha.

"Sawa, Mama," mzee akasema.

Wanawe walikasirika. Yule wa dukani alinipigia simu akaniuliza tulimfanya nini baba yake, na nilimjibu amwulize mwenyewe. Sijui kama mzee aliwaeleza ile hadithi ya rafu. Lakini alikuja, Jumamosi zote, na siku za katikati ya wiki pia alipanda basi mbili kutoka Sparkbrook. Shosho naye alipanda yake kutoka Shard End, akafungua kabati, akakaa na mkoba wake mapajani hadi mazoezi yaishe. Mara nyingine niliwakuta wakibishana juu ya maneno ya wimbo. Mara nyingine walikuwa kimya tu, wawili hao, na muziki.

Mjukuu wa Shosho alipoolewa, tulipiga arusini. Vijana waliozaliwa huku walisimama na simu zao wakicheka, kisha wakaja katikati wakaomba kufundishwa kuinama. Shosho alicheza nami. Alikuwa mwepesi, hatua zake hazikosei, ila uso wake haukuwa kwangu hata mara moja. Kila tulipogeuka, alitafuta kodiani juu ya bega langu.

Baadaye nilimsaidia mzee kuifunga ili tuirudishe ukumbini. Alikuwa amechoka, kilemba kimelegea kidogo.

"Yule mama hataniamini," akasema. "Hilo nimelikubali. Na wewe je? Wewe unaniamini?"

Nilishughulika na mikanda.

"Unapiga vizuri sana, Mzee," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyelipokea jibu lenyewe, akashika upande mmoja wa mzigo nami nikashika wa pili, tukautoa nje.