Majivu ya Bani katika Matuta ya Shangazi Zamda

Shangazi Zamda anajulikana kijijini kwetu, huku karibu na Ipole, kwa kicheko chake kinachosikika mpaka kisimani. Siku hizi anajulikana pia kwa majivu.

Zamani alikuwa akichochea moto kwenye bani, nyumba ya udongo ya kukaushia tumbaku. Tulipohamia kijiji cha Ujamaa, kina mama wakamchagua aongoze shamba lao la mahindi. Wanaume wengi hawakupenda, walitaka eneo lile lipandwe tumbaku. Mwenyekiti wetu, Mzee Shilinde, akakata maneno mkutanoni: "Kina mama tunawapa msimu huu. Mkivuna, shamba ni lenu. Msipovuna, tumbaku inaingia."

Na msimu wenyewe ndio ule wa ukame!

Mvua ilinyesha ya kupandia tu, kisha ikaenda zake. Shangazi alikuwa amemsikia Bwana Shamba Justus akisema majivu yana madini yanayousaidia mmea kuvumilia jua. Hakungoja kusikia mengine. Kwetu maji ya majivu ndiyo magadi: unayachuja kwenye chungu kilichotobolewa, unalainishia mlenda. Akawaza kwamba kinachoufaa mlenda kitayafaa na mahindi. Akachuja maji makali, mekundu kama chai ya rangi, akamwagia matuta ya upande wa barabarani.

Miche ikaungua ncha, ikalala.

"Mayu Zamda!" akapaza sauti Damas, yule mpenda tumbaku kuliko wote; mayu kwetu ni mama. "Umeshayapika mahindi, ugali lini?"

"Lete mboga kwanza, Damas!"

Watu wakacheka. Lakini jioni ile kicheko cha shangazi hakikusikika hata jikoni.

Kesho yake nikafuatana naye kwa Justus.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeua matuta."

Justus alikuja kuyatazama. "Dawa ni yenyewe, mama, ila umeichuja ikawa kali mno. Madini hayo yanaitwa potashi. Mmea huyavuta kwa mizizi, nayo huusaidia kufunga vitundu vya majani jua linapowaka, maji yasitoroke ovyo. Yape udongo, tena kidogo kidogo. Usiumwagie mmea."

Kumbe jani lina vitundu! Nilichuma moja nikaliinua juani, nikakodoa macho mpaka yakatoa machozi. Sikuona hata kimoja. Nikaamini hivyo hivyo.

"Kama ni udongo, hiyo ni kazi yetu," shangazi akasema. Nani asiyejua kwamba Mnyamwezi hainui tuta bila kufukia nyasi ndani yake? Kina mama wakazoa majivu yaliyokuwa yakitupwa nyuma ya mabani, wakayanyunyiza juu ya nyasi, wakafukia kandokando ya mahindi yaliyobaki, wakapandisha udongo. Justus akaomba tuta moja liachwe bila majivu, ili tuone tofauti. Yakapita manyunyu mawili matatu, basi, jua likarudi.

Mchana majani ya lile tuta moja yalijikunja kama mkeka. Ya jirani yake yalilegea kidogo, na jioni yakasimama tena. Nilikuwa napita kila nikitoka shule, kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa.

Wakati wa mavuno Mzee Shilinde aliita mkutano palepale shambani. Akamenya hindi la tuta lisilo na majivu, punje zilikuwa chache kama meno ya kikongwe. Akamenya la jirani yake. Halikuwa nene, mwaka ule hakuna hindi lililonenepa popote, lakini lilijaa mpaka karibu na ncha. Akalizungusha mkononi, akaliinua watu wote walione.

"Shamba ni la kina mama," akasema. "Tumbaku itafute pengine."

Vigelegele! Shangazi yangu akacheka kile kicheko chake, nadhani hata Sikonge walisikia.

Juzi Damas amekuja nyumbani, amesimama mlangoni anajikuna shingo. Ana mahindi yake nyuma ya nyumba, anataka majivu.

"Lete gunia," shangazi akamwambia. "Na chungu chako cha magadi kiache kwa mkeo!"