Nusu Kichwa kwa Mtetezi

Shemeji yangu ni kinyozi, na mtaani kwetu hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno. Nasema hivyo bila kumsifu. Mimi ni jirani yake wa ukuta: yeye ana chumba cha kunyolea, mimi nina studio ya picha ndogo za vitambulisho, na katikati yetu kuna plaiwudi ambayo haizuii hata chafya. Nimemsikiliza tangu mke wake, ambaye ni dada yangu, akiwa hai, na nimeendelea kumsikiliza baada ya kumzika. Wengi aliowashinda nimewasahau. Ninayemkumbuka ni binti yake, ambaye shemeji alimshinda mchana mmoja, na tangu siku ile hajampata tena.

Jina la Mtetezi shemeji alipewa kwa utani na mwalimu mmoja wa sayansi, mtu asiyeamini kitu ambacho hakipimiki. Kila alipokuja kunyolewa alikuja na swali lake mfukoni. Kama Mungu ni mwema, mbona watoto wanaugua? Kama dunia ni kongwe kiasi hiki, mbona Maandiko yanaeleza vile? Shemeji alikuwa akimjibu huku mashine inanguruma, na swali likiwa gumu anaizima kabisa. Hapo ndipo mtu alipoingia kwenye mtego, kwa sababu shemeji alikuwa na kanuni yake: hamalizi kichwa kabla hoja haijaisha. Ukimbishia, unabaki na nywele upande mmoja na kitambaa shingoni mpaka mmoja wenu anyooshe mikono. Sasa kati ya mwenye mashine na mwenye nusu kichwa, nani atanyoosha mikono kwanza? Kuna watu pale walikubali wokovu ili wawahi kazini.

Siku moja umeme ulikatika ubishi ukiwa katikati, na mwalimu alikuwa anataka picha ya kitambulisho siku hiyo hiyo. Akaingia kwangu na nusu kichwa.

"Mwalimu," nikamwambia, "kamera yangu haipigi nusu mtu."

"Piga tu, mama. Waone ninavyoteswa kwa ajili ya sayansi."

Shemeji alicheka nyuma ya plaiwudi mpaka akakohoa. Jina la Mtetezi lilimkaa vizuri. Aliliandikisha kwenye kibao cha nje kwa rangi nyekundu, na mchungaji akazoea kumpelekea vijana wenye maswali: mara mtu na mchumba wake wanakaa pamoja bila ndoa, mara mtu kasoma kitu kwenye simu kikamtoa usingizini. Wote walipita kwenye kile kiti.

Sitaki umwone kuwa mtu wa mdomo tu. Dada yangu alipougua alimuuguza kwa mikono yake, akamwogesha, akamlisha, na sikumsikia akinung'unika. Mlevi mmoja aliwahi kumvunjia kioo kikubwa cha ukutani, na wiki iliyofuata akamnyoa bila kulitaja jambo hilo. Imani yake ilikuwa ya kweli. Ila alikuwa na hofu moja. Alikuwa akiona vijana wanatoka kanisani mmoja mmoja, na aliamini kwamba kila aliyetoka alitoka na swali ambalo hakuna aliyemjibu. Akajiapiza kwamba kwake halitabaki swali bila jibu.

Mteja mmoja tu ndiye aliyekuwa akinyolewa bila ubishi, naye ni binti yake. Mama yake alipofariki, msichana alikuwa mdogo, nywele hakuna wa kumsuka, mimi mwenyewe kusuka sijui. Baba yake akachonga kibao, akakilaza juu ya mikono ya kiti ili kichwa chake kifikie kwenye kioo, akawa anampunguza nywele kila zinapokua. Nilikuwa nawasikia. "Leo shuleni kulikuwaje?" anamuuliza, halafu ananyamaza na kusikiliza, na mtoto anaeleza mpaka poda inapopakwa shingoni. Hata alipokua akaajiriwa mapokezi kwenye ofisi moja, hata alipoolewa na fundi bomba, kijana mpole asiye na makuu, hakutafuta kinyozi mwingine.

Miaka ikaenda na mtoto hakuja. Shemeji aliwaombea kanisani kwa sauti, mbele za watu, na nadhani hilo lilimuumiza binti kuliko alivyoonyesha. Wakaanza kwenda hospitali kimya kimya. Hawakumwambia mtu, hata mimi.

Mchana ule alikuja kama kawaida. Chumba hakikuwa na mteja mwingine. Nilikuwa nakata picha za mtu kwa mkasi, nasikia mashine inapita upande wa kushoto, taratibu, na wao wanaulizana habari za nyumbani.

"Baba, nikuulize kitu?"

"Uliza, mwanangu."

"Kuna hawa madaktari wanaosaidia watu kupata mtoto. Wanachukua mayai ya mama, wanayarutubisha maabara, halafu wanapandikiza. Sasa vinatokea viinitete zaidi ya kimoja. Vinavyobaki wanavigandisha. Wewe unalionaje hilo?"

Mashine ikazimwa. Ule ukimya naufahamu. Nikasema moyoni, si kwa huyu, shemeji, washa mashine umalize kichwa cha mtoto.

"Ni wale wenzako wa ofisini wamekupa hilo swali, eh?" akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha. Nakuapia ilikuwa furaha. Alidhani binti yake amezidiwa na watu kazini amekuja kuchukua silaha kwa baba. "Sasa nenda kawaulize hivi. Hao walio kwenye barafu ni watu au si watu? Wakisema si watu, waambie wakuonyeshe siku ambayo wao wenyewe walianza kuwa watu. Wakisema ni watu, waulize ni mzazi gani anaacha mtoto kwenye barafu anakwenda nyumbani kula. Waulize nani anawajua kwa majina. Waulize nani anawaombea. Hapo hapo watanyamaza."

Binti yake alinyamaza.

"Umeona?" akasema shemeji. "Hawana jibu."

Sisemi hoja ilikuwa mbaya. Nimeizungusha kichwani mara nyingi tangu siku hiyo, na mimi pia ni muumini, nami sijapata wa kuijibu. Kuna mambo ambayo mtu wa imani lazima ayaseme hata kama dunia itamcheka, na shemeji hakuwahi kuogopa kuchekwa. Lakini unapomsemea mtu jambo la namna hiyo, mwangalie kwanza usoni. Yeye alikuwa na kioo kizima mbele yake na hakuangalia.

Nikasikia kiti kinazunguka, halafu pazia langu likafunguliwa. Aliingia na kitambaa bado kiko shingoni, upande mmoja wa kichwa umepunguzwa, mwingine nywele zimejaa. Akakaa kwenye stuli ya wateja, pale mbele ya ukuta mweupe, kama mtu aliyekuja kupigwa picha. Nikavuta pazia.

"Mama mdogo, ni wawili."

"Wawili akina nani?"

"Waliobaki. Nilipandikiziwa mmoja, mimba ikatoka. Wawili bado wako kule hospitali." Alikuwa anaongea polepole, machozi yanamteremka na hayafuti. "Silali. Nikilala nawaza wako kwenye baridi. Nilikuja kumwambia baba anisaidie kuwaombea. Mimi sijui mtu kama huyo unamwombeaje, unamtaja vipi. Nikadhani yeye atajua."

Nikamshika mikono. Huyu binti hakuja kubishana na baba yake. Alikuja kwa sababu kila alichofundishwa kwenye kile kiti alikishika, na sasa kilikuwa kinamlemea. Na plaiwudi ile ile inayoniletea maneno ya shemeji, ilimpelekea maneno ya binti yake yote, neno kwa neno.

Baadaye kidogo nikaona viatu vya shemeji chini ya pazia.

"Mwanangu," akasema. "Ungesema ni wewe, ningekujibu vingine."

"Umeniuliza maswali mengi, baba. Hakuna hata moja ulilotaka nilijibu."

Nikamwomba Mungu amfungue mdomo aseme neno moja tu la mzazi, pole, njoo, chochote. Mdomo ukafunguka.

"Lakini nilichosema ni kweli."

Nilitamani kutoka nimfunge ule mdomo kwa kitambaa chake mwenyewe.

"Najua ni kweli," akajibu binti yake. "Ndiyo maana nilikuja kwako."

Pazia langu ni kitambaa cha kawaida, hata kuku hulipita. Shemeji alisimama mbele yake na hakulifungua. Mteja akaingia kule upande wake, akaita, "Mtetezi, upo?" na vile viatu vikageuka vikaondoka. Nilimaliza nywele za mtoto wa dada yangu kwa mkasi wa kukatia picha. Nilizikata vibaya sana. Akajifunga kilemba, akanibusu shavuni, akapita mlango wa nyuma.

Haukupita muda mrefu mume wake akapata kazi mji mwingine, wakahama. Binti hakumkasirikia baba yake kwa namna ambayo mtu angeweza kusuluhisha. Alikuwa akimpigia simu, akimsalimu kwa heshima zote, akimuuliza afya. Habari zenyewe alikuwa akinipa mimi.

Shemeji naye akaacha ubishi. Mwalimu wa sayansi alikuja na maswali yake akatoka kichwa kizima, akaingia kwangu na wasiwasi.

"Shemeji yako anaumwa?"

"Kwa nini?"

"Nimemwambia Mungu hayupo. Ameniuliza kama nataka poda."

Tulicheka, lakini mwalimu hakucheka sana. Nadhani yeye pia alimkumbuka yule mtu wa zamani. Hata mchungaji alikuja kulalamika kwamba vijana wanarudishwa bila majibu. Shemeji akamwambia awapeleke kwa mtu mwenye subira.

Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango wa mbele, huwa anasali kwa sauti. Anawaombea wateja, anawaombea majirani, hata mimi na kamera yangu. Baada ya siku ile aliongeza kitu. "Na wale wawili, Bwana. Majina yao unayajua wewe. Wasisikie baridi." Mara ya kwanza nilipomsikia niliweka chini nilichokuwa nimeshika nikakaa. Nikampigia binti, nikamwambia baba yako anawaombea.

"Angeniambia mwenyewe, mama mdogo," akasema.

Nikamfikishia shemeji maneno hayo kama yalivyo. Akachukua simu mbele yangu, akaenda nayo upande wake. Nikatega sikio, bila aibu. "Hamjambo huko? Na mume wako? Mvua zimeanza? Haya. Haya, mwanangu." Akakata. Mtu aliyekuwa anaweza kumweka msomi kwenye kiti saa nzima akamwacha hana la kusema, sasa hakuweza kumwambia binti yake kwamba anamwombea.

Mmoja kati ya wale wawili alipandikizwa, na safari hii mimba ikakaa. Akazaliwa wa kiume. Shemeji alizipata habari kwangu, si kwa binti, akaanza kufagia nywele ambazo alikuwa ameshazifagia. Kesho yake nikasikia sala imebadilika. "Na yule aliyebaki."

Walikuja kututembelea mtoto alipoanza kutembea. Shemeji alikuwa amekitafuta kile kibao cha zamani, amekipiga msasa, amekilaza juu ya mikono ya kiti. Mashine aliitia mafuta mwenyewe. Nilipomwona anaweka kitambaa kipya, nilijua anachokisubiri, na nilimwonea huruma kabla hata hawajafika.

Walikunywa chai, wakaulizana barabara ilikuwaje. Mtoto akazunguka chumba kizima anagusa kila chupa, babu yake anamfuata nyuma. Mwishowe shemeji akamnyanyua.

"Nimpunguze nywele?"

"Tumeshampunguza, baba," akasema binti yake, kwa upole kabisa. "Juzi, kabla ya safari. Kuna kinyozi pale karibu na nyumbani."

Shemeji akamwangalia mjukuu wake kichwani. Hata mimi niliona. Nyuma pameachwa ngazi, juu ya sikio la kulia pametafunwa, na mstari wa mbele umepinda. Kwa kazi kama ile, yeye alishawahi kumfukuza msaidizi wake mchana kweupe. Na hakuwahi maishani mwake kuliona kosa akaliacha lipite. Akampitishia mtoto kiganja kichwani, taratibu, kuanzia paji la uso mpaka kisogoni.

"Wamempunguza vizuri," akasema.

Binti yake alijua si kweli. Amekulia kwenye kiti kile, anajua kichwa kilichonyolewa vizuri kinafananaje. Alimtazama baba yake kupitia kwenye kioo, na nikadhani sasa atasema neno, na yeye shemeji akasimama vile vile akilisubiri.

"Asante, baba," akasema, akamchukua mtoto, wakaenda kuwahi basi lao.

Shemeji hakukiondoa kile kibao kwenye kiti. Mteja alipoingia, alimwambia aketi kwenye benchi, asubiri kidogo.