Harufu Tamu ya Chumba cha Mahututi

Mara ya kwanza nilipoisikia ile harufu nilidhani ndugu wa mgonjwa ameacha matunda chini ya kitanda. Ilikuwa tamu, kama papai lililoiva likapitiliza. Niliinama, nikapapasa nyuma ya ndoo, sikuona kitu. Nilipofunua shuka ndipo nikaiona bandeji ya mgonjwa imegeuka rangi. Usaha wa kawaida naujua. Huu ulikuwa wa kijani chenye ubluu ndani yake, unang'aa kidogo, kama shaba iliyokaa sana majini.

Nilikuwa muuguzi katika hospitali moja kando ya barabara kuu, Mikumi. Ilikuwa miaka ile watu waliyoiita ya ruksa. Biashara ilikuwa imefunguliwa, mabasi na malori yameongezeka, na barabara ipitayo katikati ya mbuga ilituletea majeruhi kila wiki. Kwa sababu yao kilitengwa chumba cha wagonjwa mahututi: vitanda vinne, mtungi wa oksijeni, na mashine ya kufyonza makohozi yenye chupa kubwa ya kioo. Glovu zilikuwa haba. Tulizifua, tukazianika kwenye kamba nyuma ya jengo, tukazipaka poda, tukazivaa tena. Mchana wa upepo ukipita pale uliona mikono mitupu ikipunga.

Mgonjwa yule wa kwanza alikuwa mfugaji mmoja aliyehamia kutoka kanda ya ziwa. Lori lilimgonga akivusha ng'ombe. Kidonda chake cha paja kilikuwa kinapona vizuri, akaanza hata kunitania, na siku ya sita ikaja ile rangi. Tulimchoma kristapeni, haikufanya kitu. Tukamchoma jentamaisini, ambayo siku zote ndiyo iliyokuwa tegemeo letu, na homa ikazidi kupanda kana kwamba tunamchoma maji. Siku ya tisa akafariki.

Kitanda kikaoshwa. Akalazwa dereva wa lori mwenye mbavu zilizovunjika. Wiki haikuisha, nikaingia asubuhi na ile harufu ikanilaki mlangoni. Naye akaenda.

Mama aliyekuwa akifanya usafi akagoma kupiga deki chini ya kitanda kile. "Sista, hiki kitanda kina mtu," aliniambia. Hatukumcheka. Muuguzi mkuu, mama mmoja mkali asiyeamini mambo ya namna hiyo, aliagiza kitanda kitolewe, kikawekwa stoo. Mimi nilikuwa na likizo ya wiki mbili, nikaenda kwa mama yangu Magomeni, Kilosa. Huko nililala, nikapika, nikasikiliza treni.

Niliporudi nilimwuliza muuguzi mkuu hali ya chumbani.

"Shwari," alisema. "Tangu umeondoka hakuna kilichonuka."

Hakuwa na maana yoyote. Alikuwa anahesabu shuka, hata hakunitazama. Lakini maneno yale sikuyasahau.

Wiki ileile basi lilipinduka karibu na mbuga. Miongoni mwa walioletwa alikuwa mwanamke mtu mzima, kifua kimeumia, hana fahamu. Nilipomfuta damu usoni nilimtambua. Alikuwa mwalimu wangu wa darasa la tatu, Kilosa. "Shikamoo, Mwalimu," nilisema, ingawa hakuweza kusikia. Siku mbili nzima mimi ndiye niliyemfyonza makohozi, nikamgeuza, nikamsafisha kinywa. Siku ya tatu alifumbua macho. Mdogo wake, aliyekuja kutoka Kilosa kumwuguza, alipiga magoti sakafuni akalia kwa furaha. Mwalimu akanitazama kwa muda mrefu, akataja jina langu na la baba.

"Marahaba," akasema. Sijui kama salamu yangu ilikuwa imemfikia kule alikokuwa.

Siku ya tano, saa sita mchana, jua kali, nje kimya kabisa. Nilikuwa namwaga chupa ya mashine. Makohozi yalikuwa ya kijani, na ule utamu ukapanda usoni mwangu. Niliinua macho dirishani. Nyani walikuwa wamekaa ukutani kama kawaida yao, maana walizoea kuchokora shimo letu la taka. Mmoja wao, jike kubwa, alikuwa amezungushia mkononi kipande cha bandeji yetu, ananitazama. Sikuweza kumfukuza. Nilisimama na chupa yangu, yeye na bandeji yake, mpaka aliposhuka mwenyewe upande wa pili.

Kitanda kilikuwa stoo. Dereva na mfugaji walikuwa kaburini. Kilichobaki kilekile, nilijiambia, ni mimi.

Nilimweleza daktari wetu. Nilitegemea atacheka, hakucheka. Alisema, "Sista, na mimi nimekuwa nikifikiria. Tuchukue vipimo." Hospitali yetu haikuwa na uwezo wa kuotesha vijidudu, kwa hiyo alimwita mtaalamu wa maabara kutoka mjini. Huyo alipitisha vijiti vyenye pamba kwenye kinywa cha Mwalimu, kwenye bomba la kunawia, kwenye chupa ya mashine, kwenye poda ya glovu. Halafu akatuomba wauguzi wote mikono. Nilikuwa nimevaa pete ya ndoa. Aliniomba niivue, akapitisha pamba pale ilipokuwa.

Majibu yalichukua siku kadhaa. Daktari aliniita ofisini, akafunga mlango, akanigeuzia karatasi. Majina ya dawa zetu zote yalikuwa yamepangwa kwenda chini, na mbele ya kila jina herufi moja, ileile, R.

"R maana yake nini?"

"Dawa imekataa. Kijidudu kinaishi na dawa hiyo kama wewe unavyoishi na chai." Alishusha kidole. Mstari mmoja tu, chini kabisa, haukuwa na R. Dawa yake hatukuwa nayo.

"Kimetoka wapi, Daktari?"

"Kwenye chupa kipo. Kwenye bomba kipo." Akaikunja karatasi. "Na chini ya pete yako."

Aliongeza kwamba hata wenzangu wawili walikutwa nacho, kwamba kilikuwa kinasafiri kwa mikono yetu sote, kwamba nilipoenda likizo chumba kilikuwa na mgonjwa mmoja tu na hakuhitaji mashine. Alisema dawa zinauzwa kila kona siku hizi, mtu ananunua vidonge viwili vya rangi mbili kwa kikohozi, anaacha, na vijidudu vinavyosalia ni vile vilivyokwisha kujifunza. Nasi wodini, alisema, tunachoma kila mgonjwa kila dawa, tunavifundisha zaidi. Nilisikia yote. Lakini nilikuwa natazama alama nyeupe kwenye kidole changu. Nilikumbuka kuwa mimi mwenyewe, majirani wa Magomeni walipokuja na vikohozi vyao, niliwapa vidonge nusu dozi kutoka mfukoni na wakanishukuru.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Mwalimu. Homa ilikuwa inampanda na kumshuka, lakini akili yake ilikuwa safi.

"Mwalimu," nikasema, "kitu kinachokuumiza nimekuletea mimi. Kilikuwa mikononi mwangu."

Mdogo wake aliinuka kwenye kigoda. Mwalimu alimwashiria akae.

"Nyosha mikono," aliniambia.

Nikanyosha, kama tulivyofanya shuleni, mstarini, kila Jumatatu. Aliishika kwa vidole vyake vya moto, akaigeuza, akatazama kucha moja baada ya nyingine. Ilikuwa safi. Nilikuwa nimeisugua hadi inachubuka.

"Huwezi kukiona?" akauliza.

"Hakionekani, Mwalimu."

"Basi ulikuwa hujui." Akapumzika, pumzi ikimkwaruza. "Lakini sasa unajua. Usiwafiche wenzako."

Daktari aliandika barua, akapiga simu, na ile dawa ya mstari wa chini ikafika kwa basi kutoka Dar es Salaam, chupa chache zimeviringishwa kwenye gazeti. Tulimpa. Homa ilishuka. Kwa siku nne chumba hakikunuka kitu ila dawa ya kufanyia usafi, na Mwalimu alikunywa uji, akamkosoa mdogo wake namna anavyoukoroga. Kisha chupa zikaisha, nyingine zikachelewa. Siku ya sita nilikuwa nimesimama uani, wala sijaingia, upepo ukanijia kutoka dirishani kwake na ule utamu. Nilikaa kwenye ngazi. Ndani nilimsikia mdogo wake akimwimbia polepole, hajui bado.

Alifariki saa tisa alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mdogo wake. Mimi nilisimama mbali kidogo.

Tulimzika Kilosa. Watu walikuwa wengi, karibu nusu ya mji ilikuwa imepita mikononi mwake. Nyumbani, baada ya mazishi, mdogo wake alikuja na mjukuu wa Mwalimu, mtoto mchanga. Yule mdogo wake alitaka kuingia jikoni.

"Nishikie kidogo," akasema.

Nilirudi nyuma hatua moja. Nikamwambia nina mafua. Alinitazama, akaelewa, na mbele ya wale wanawake wote akaniwekea mtoto kifuani kwa nguvu, akaenda zake. Nilisimama pale nimemkumbatia kwa vigasha, vidole nimevikunja nje. Mtoto alilala.

Chumba kilifungwa. Mashine ile ilichomwa shimoni, bomba likang'olewa, ukuta ukapakwa upya, na kilipofunguliwa tulikuwa na sheria ya muuguzi mkuu iliyobandikwa mlangoni: hakuna pete, hakuna saa, mikono inaoshwa kabla na baada ya kila mgonjwa. Mimi ndiye niliyewasimulia wauguzi wapya kwa nini. Niliwaambia yote, pamoja na habari ya kidole changu, na baadhi yao walisogea kidogo kwenye benchi. Kristapeni na jentamaisini tuliendelea kuzitumia kwa waliokuja bila vijidudu vile, na wengi walipona. Wengine hawakupona, na hatukuwa na karatasi ya kutuambia kwa nini. Mwaka uliofuata niliomba kuhamishiwa kliniki ya wajawazito, nikakubaliwa, na huko ndiko nilikofanya kazi mpaka nilipostaafu.