Mtaro wetu uliishia kwa jirani

Mgongo wangu hauna hamu.

Wiki nzima mtaa wetu hapa Nzuguni tumechimba mtaro kwa msaragambo, kila nyumba ikitoa mtu, mvua isituingilie tena ndani.

Leo imenyesha. Ndani kukavu. Tukapongezana.

Mara wakaja watu wa mtaa wa chini, matope hadi magotini, majembe mkononi. Nikajua tunapigwa.

Nikamwamkia mama aliyetangulia. Akaitikia marahaba, kisha akauliza, "Mwanangu, maji mliyoyatoa kwenu, mlidhani yanakwenda wapi?"

Kusema kweli, hatukuwahi kujiuliza.

Akasema, "Haya, tuendelee pale mlipoishia."

Basi tumeanza upya, sisi na wao.

Chini yao kuna mtaa mwingine. Kama unakaa huko, tafadhali njoo tuongee kabla hatujafika.